Mgeni Kutoka Kwenye Kaliandra

Kastori alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa, na amefika katikati ya salamu zake, pale kwenye habari za mvua na mifugo, ndipo upepo ulipomgeuza mzee aliyekuwa akimsalimu na kumwonyesha kwamba hakuwa na uso.

Lilikuwa koti. Koti la mvua lililochakaa, limevikwa mti mkavu kando ya shamba la mtama ili kuwatisha ndege, na juu yake pamewekwa kofia ya pama.

"Umemaliza?" sauti ya mwanamke iliuliza nyuma yake. "Maana huyo huwa hajibu."

Kastori aliirudisha kofia kichwani. "Mama, mimi nimeshasalimia watu wengi wasiojibu. Huyu angalau hakunikunjia uso."

Mwanamke hakucheka mara moja. Alimtazama kwanza viatu, kisha gunia tupu begani, ndipo akacheka kidogo, kama mtu anayechungulia sufuria kuona kama kuna kilichobaki. Huyo ndiye aliyekuwa Anisia, mwenye kaliandra, na ndiye ambaye Kastori alitoka Gitega hadi Mwakiro kumtafuta.

Kaliandra ni kichaka cha ukoo mmoja na maharage, ingawa ukikiona hutaamini undugu huo. Kinakua kupita kimo cha mtu, na maua yake ni nyuzi nyekundu ndefu zilizosimama kama brashi ya kupakia poda. Mbuzi hula majani, maharage hupandishwa kwenye vijiti vyake, na mizizi yake huukamata udongo wa mlimani usiteremke mtoni. Huko Musinzira, pembeni mwa mji wa Gitega, Kastori alikuwa na kitalu nyuma ya nyumba, vifuko vyeusi vimepangwa kama wanafunzi mstarini. Lakini mwaka huo mbegu zake nyingi zilikuwa zimegoma kuota. Watu wakamwambia, nenda Mwakiro, kwa wale waliorudi kutoka Tanzania. Zile mbegu zao hazina kiburi.

Naye alikuwa mmoja wa waliorudi. Alikulia kambi ya wakimbizi huko Kibondo, Tanzania, akawa tandiboi wa malori, akafika Kampala, Lubumbashi na Mombasa, na kila mji aliuacha akiwa amejiaibisha kwa lugha ya wenyeji. Sasa masharubu yalikuwa yameanza mvi, na nyumba ya Musinzira ilikuwa na vyumba viwili, vitanda viwili, na mtu mmoja. Mkewe Lucia alizikwa kule kule Tanzania. Binti yao Raissa, aliyebaki kwa mama yake mdogo amalize masomo, alikuwa anakuja Jumamosi kuishi na baba yake. Hilo Kastori alimwambia kila mtu. Alimwambia dereva, alimwambia muuza ndizi za kuchoma, na bila shaka angeliambia hata lile koti kama upepo ungempa nafasi.

"Jua linashuka," Anisia alisema. "Kama umekuja kwa mbegu, wakati wenyewe ndio huu."

Ganda la kaliandra likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Mchana jua likiwaka, mlima mzima unalia tak, tak, na mbegu zinapotelea majanini. Kwa hiyo Anisia huvuna jioni, unyevu ukishaingia na maganda yakanyamaza. Walianza mstari wa juu, wakateremka, kila mmoja upande wake wa kichaka, wakikata maganda ya kahawia na kuyatia guniani.

Kastori alisema maneno mengi. Mtu anayelala nyumba tupu akipata sikio hulitumia.

"Huyo binti anafanana na nani?" Anisia aliuliza kutoka upande wa pili wa majani.

"Na mama yake, namshukuru Mungu. Angefanana na mimi ningemwacha hukohuko." Akachuma kidogo. "Lucia alikuwa haingii kwa mtu bila kukohoa kwanza. Unakumbuka kambini? Turubai haligongeki. Unapiga hodi kutwa nzima, na aliye ndani anajibu karibu hata akiwa usingizini. Basi yeye alikuwa hivi."

Kastori alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu. Kilimpatia chakula safari nyingi. Akakohoa kikohozi kifupi cha adabu, kisha kwa sauti nyembamba ya kike akasema, "Hodi..."

Anisia aliacha kukata.

"Usifanye hivyo hapa," alisema.

"Nimemkosea marehemu?"

"Usifanye tu."

Wakaendelea kukata mpaka ukabaki mstari mmoja, ule wa chini kabisa, uliopinda na kusongamana kuliko mingine. Mbuzi walianza kulia nyumbani. Anisia akafuta kisu kwenye kitenge.

"Nakwenda kuwafungia. Maliza hapa unifuate. Na baba Raissa, sikiliza. Majani yakishafumba, huku hatuitikii mtu. Hata ukisikia jina lako. Hata ukisikia sauti yangu. Nikikutaka nitakuja nikushike mkono."

"Hata nikiitwa kula?"

"Hata ukiitwa kula."

Akaondoka. Kitenge chake kikaonekana kidogo kati ya vichaka, kisha hakikuonekana.

Kaliandra ina tabia yake. Jioni majani yake yanalala, maua yake yanaamka. Kastori aliijua tabia hiyo kwa miche yake ya Gitega, lakini miche yake ilikuwa midogo, haijawahi kutoa ua. Hakuwahi kusimama katikati ya mlima mzima ukifanya hivyo kwa pamoja. Kushoto na kulia vijani vilibanana viwili viwili, kama viganja vya watu wanaosali. Na juu yao, polepole, nyuzi nyekundu zikajinyoosha. Popo akapita karibu na sikio lake. Harufu ikaja, tamu, nzito, kama papai lililosahauliwa kabatini.

Alipiga mluzi ili apate mtu wa kufuatana naye. Akaacha. Mluzi ulikuwa unamrudia kutoka upande wa bondeni, ambako hakukuwa na kitu cha kuurudisha.

Tak.

Kastori alisimama wima. Ganda limepasuka. Lakini maganda yale alikuwa ameyashika mwenyewe, yana unyevu, laini kama ngozi. Maganda hayapasuki jioni. Ndiyo maana alikuwa pale jioni.

Tak... tak...

Yalikuwa yakipasuka moja baada ya jingine, kutoka mwisho wa mstari, yakimjia. Kama mtu anayekanyaga vijiti vikavu bila haraka.

Kisha kimya.

Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha adabu.

"Hodi..."

Na mdomo wa Kastori, uliolelewa na turubai, ukajibu kabla kichwa hakijaulizwa.

"Karibu."

Hakutokea mtu. Ila matawi yaliyo mbele yake yaliachana taratibu, kama yanavyomwachia njia mtu aliyebeba mzigo, yakajifunga tena nyuma yake. Ubaridi ukampita begani. Ukasimama.

Mkono ukamshika.

Ulikuwa wa Anisia. Alikuwa amekimbia, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Umejibu," alinong'ona.

"Mdomo tu, mama. Mazoea."

"Wao wanasikia mdomo."

Alimvuta mkono mpaka jikoni, wakakaa, moto ukawaka vizuri. Ndipo alipozungumza, akiutazama moto. Waliporudi kutoka Tanzania hawakuweza kuja na wafu wao. Basi alipopata kipande chake cha mlima aliwapandia. Mstari wa juu ni wa baba yake. Unaofuata ni wa dada zake. Unaofuata ni wa mtoto wake wa kwanza. Kila mstari aliupanda kwa kumtaja mtu, na jioni huwa wanakuja, wanapita, hawamsumbui aliye mnyamavu.

"Na ule wa chini?" Kastori aliuliza. "Ule niliokuwa mimi?"

Anisia alisogeza ukuni.

"Ule sikuupanda. Maganda yalirusha mbegu, ukajiotea wenyewe. Ule si wa mtu ninayemjua."

Kastori akavuta gunia lake karibu.

"Kesho chukua mbegu zako uende," Anisia aliendelea. "Lakini ukifika kwako, usifungue mlango. Simama nje, umwambie arudi alikotoka. Umwambie kwa mdomo huohuo. Usimbembeleze."

"Na nikishindwa?"

"Kwako kuna vitanda vingapi?"

"Viwili. Changu na cha Raissa."

"Basi fikiri mwenyewe nani atakosa pa kulala."

Asubuhi, mjini Muyinga, Kastori alikaa kiti cha nyuma cha taksi na gunia mapajani. Watu walikuwa wanajaza gari. Mama mmoja mwenye kikapu alifungua mlango, akainama aingie, akakitazama kile kiti kitupu kando ya Kastori.

"Pardoni," aliomba radhi, akafunga mlango taratibu, akaenda kungoja gari jingine.

Safari nzima kiti hicho hakikukaliwa, na dereva hakulalamika. Aliteremsha kioo tu, ingawa kulikuwa na manyunyu. Ndani ya gari mlinuka papai.

Kastori alifika Musinzira alasiri. Alisimama mbele ya mlango wake kama alivyoagizwa, ufunguo mkononi, akijaribu maneno kimoyomoyo. Rudi ulikotoka. Hayakuwa maneno magumu. Aliwahi kuwaambia polisi wa mpakani maneno magumu zaidi, na kwa lugha asiyoijua. Akafungua kinywa.

Nyuma yake, chini kidogo ya bega, pale hasa kichwa cha Lucia kilipokuwa kikifika, mtu akakohoa.

Mtu ambaye hajaishi peke yake atasema, angemfukuza tu. Kastori alikuwa ameishi peke yake. Alikuwa amejizoesha kupika kikombe cha mchele ambacho kilibaki kila siku. Alikuwa ameongea na redio mpaka betri zikaisha, na hakununua nyingine kwa sababu redio haikumwuliza lolote. Na sasa mtu alikuwa amesimama nyuma yake akingoja afungue mlango.

Alifungua. Halafu, Mungu amsamehe, akasogea pembeni mgeni apite kwanza.

Siku zilizofuata alikuwa mtu mwenye furaha ya wizi. Alizilaza mbegu majini, akazipanda kwenye vifuko, na alipoinuka kuchukua maji akakuta vifuko vya mstari wa mwisho vimekwisha mwagiliwa. Alipoamka aliona maua mekundu yamelala sakafuni jikoni, yamenyauka kama yanyaukavyo kila asubuhi, wakati kwake hakukuwa na kaliandra iliyofikia umri wa kutoa ua. Aliyafagia, akasema, "Asante, mke wangu." Jioni majani ya miche yakifumba, ndani kulianza kikohozi. Kifupi, cha adabu. Kastori akawa anapakua sahani mbili. Ya pili asubuhi ilikuwa haijaguswa, ila ilikuwa imevunda kana kwamba imekaa wiki.

Hilo nalo alilifagia.

Jirani yake Zuena, fundi cherehani, alimwona kitaluni akamwita juu ya uzio.

"Mzee Kastori, kumbe uko na mugeni na unatuficha? Mi namusikia iko anakohoa mule ndani, na we uko huku ku pepinieri. Umupatie tangawizi, bon."

"Unamsikia?" Kastori aliuliza. "Wewe pia?"

"Si iko anakohoa siku yote? Mi niko na masikio."

Furaha iliyompata Kastori ilimtisha yeye mwenyewe. Si wazimu, basi. Yupo. Akarudi ndani karibu akimbie, akaingia chumba kilichokuwa kinamngoja Raissa, atandike shuka mpya. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Katikati ya godoro palikuwa na bonde la mwili wa mtu. Aliweka kiganja pale.

Palikuwa pa baridi na unyevu, kama udongo wa asubuhi.

Akakumbuka swali la Anisia, nani atakosa pa kulala, na safari hii alilijibu. Lakini aliliweka pembeni, kama mtu anavyoweka barua ya benki. Jumamosi watakuwa watatu. Kitanda kitapatikana. Raissa akimsikia mama yake, hata yeye atafurahi.

Raissa alifika Jumamosi alasiri, na begi moja, mrefu kuliko picha. Alimwambia baba yake shikamoo, akashikwa mikono yote miwili muda mrefu mpaka akacheka.

"Baba, utaning'oa."

"Nakagua kama wamenipa wa kwangu."

Alimtembeza kitalu, akamwonyesha miche iliyoota, akamweleza jinsi mizizi yake inavyokamata mlima. Raissa aliuliza maswali ya mtu aliyesoma kilimo, na Kastori akajibu mengine kwa uongo wa furaha. Walikula ugali na dagaa. Kila kitu kilikuwa kama alivyokipanga kichwani miaka yote ile, isipokuwa Raissa hakuweka begi lake chumbani. Alikuwa amefika mlangoni, akavuta hewa, akarudi nalo sebuleni.

"Kuna nini kimeozea humu, baba?"

"Ni harufu ya kaliandra. Utaizoea."

"Kaliandra zako hazina maua."

Kastori alijifanya anatafuta kiberiti.

Nje mwanga ulipungua. Dirishani aliiona miche yake, vijani vikianza kubanana viwili viwili. Moyo ukamwenda mbio kama wa mvulana anayempeleka mchumba kwa wazazi.

"Raissa," alisema kwa sauti ya chini, "kaa hapa. Kuna mtu nataka umsikilize. Usiogope."

"Mtu gani?"

"Sikiliza."

Walikaa. Harufu ikazidi. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi kidogo, na ndani yake giza lilikuwa limefika mapema kuliko nyumba nzima.

Tak.

Raissa aligeuza shingo.

Tak... tak... sakafuni, taratibu, kutoka kitandani kuja mlangoni. Kisha kikohozi kile kifupi.

"Mtoto amefika?" sauti nyembamba iliuliza.

Kastori alikuwa analia na kutabasamu kwa wakati mmoja. "Umesikia? Ni mama yako. Alinifuata kutoka Mwakiro. Ni yeye, Raissa."

Raissa hakulia. Alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza injini. Kikohozi kikaja tena. Kikaja tena. Kila mara kilikuwa kilekile, hakikupungua wala kuongezeka, hakikuvuta pumzi katikati.

"Baba," alisema polepole, "mimi ndiye niliyemuuguza. Mama hakuwa anakohoa hivyo. Hivyo unakohoa wewe, ukimuiga."

Ndani ya kile chumba kikohozi kilikoma.

Kastori alikumbuka mlima, majani ambayo hayajafumba bado, na mwanamke aliyeacha kukata akamwambia asifanye vile hapo. Alisimama. Akasogea mpaka karibu na mlango, lakini si karibu sana.

"Lucia?" aliita.

Alirudi hatua moja nyuma.

"Wewe ni nani?"

Sauti ilipojibu haikuwa nyembamba tena. Haikuwa ya kike wala ya kiume. Ilikuwa ya mtu aliyekaa muda mrefu sana bila kusema na mtu.

"Ulisema karibu. Hukuuliza."

Raissa alikuwa amekwisha shika begi. Alikwenda mlango wa nje, akaondoa komeo, na mwanga wa taa ya Zuena ukaingia hadi katikati ya sebule. Haukwenda mbali zaidi.

"Twende, baba. Tutalala kwa jirani. Kesho tutajua la kufanya."

Kastori alitazama mlango wa nje, akatazama ule wa ndani. Pale kizani kitu kilikuwa kinamngoja, na kilingoja kwa namna aliyoijua vizuri, maana ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akingoja humo ndani jioni zote.

"Mwambie arudi alikotoka," Raissa alisema. "Mfukuze."

Alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale. Hayakutoka.

"Yuko peke yake, mwanangu," alisema.

Raissa alivaa kiatu cha pili, akatundika begi begani.

"Basi bakini wawili," alisema, akatoka.